Siku Meneja Alipopimwa Masikio

Saa tatu asubuhi, ukumbi wa kufumia nguo unatetemeka kuanzia sakafuni hadi kwenye mabati ya paa. Mashine zimepangwa safu kwa safu, kila moja inapiga kelele kana kwamba inagombana na ya jirani. Ukimuuliza mtu jina lake humu ndani, atakuonyesha sikio, atatikisa kichwa na kucheka.

Kwenye safu ya katikati, mwanamke mwembamba aliyefunga kitambaa cha manjano kichwani anazunguka mashine zake. Anaunganisha uzi uliokatika, anajifuta vumbi la pamba puani kwa kiwiko, kisha ananyoosha shingo na kuanza kuzungumza na mwenzake aliye upande wa pili wa ukumbi. Mdomo hafungui. Anazungumza kwa mikono.

Anagusa sikio. Anashusha kiganja hadi usawa wa paja, kama mtu anayeonyesha kimo cha mtoto. Kisha anajishika kifua. Mwenzake anaacha kazi yake, anaweka viganja pamoja, anainua macho juu. Mara uzi mwingine unakatika na kila mmoja anarudi kwenye mashine zake.

Mwandishi wa makala haya, aliyekuja kutafuta habari za akina mama wanaorudi kazini baada ya kujifungua, hakuambulia kitu. Ilimbidi angoje mapumziko ya chai, nje uani, ndipo atafsiriwe.

"Nilikuwa namwambia leo mwanangu anapimwa masikio," anasema mwanamke huyo, kwa sauti ambayo ingemwamsha mtu mtaa wa pili. Wafumaji wote ndivyo walivyo. Wakikunong'oneza siri, barabara nzima inaipata. "Saa tisa mchana. Nikitoka zamu tu, moja kwa moja hospitali."

Kiwandani anaitwa Mama Meneja. Hakuolewa na meneja yeyote, na meneja mwenyewe wa kiwanda, inasemekana, hachekeshwi sana na jina hilo. Meneja ni binti yake wa kwanza, mwenye miaka miwili na nusu. Cheo hicho alipewa na walinzi wa getini, maana tangu ajue kukaa, kazi yake ni kunyoosha kidole na kungoja agizo lake litekelezwe.

Tatizo ni kwamba Meneja hajawahi kutamka neno hata moja. Si mama, si baba, si maji.

"Wenzake wa rika lake wanaimba. Wengine wameshaanza na kutukana," anasema Mama Meneja. "Wangu kimya. Ukimwita hageuki. Mlango ukibamizwa hashtuki. Bibi yake alipiga makofi nyuma ya kichwa chake, paa! Mtoto akaendelea kula ndizi yake."

Anaziangalia mashine kupitia dirishani, na kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. "Mimba yake niliibeba humu humu. Kelele zote hizi zilimpiga kabla hajazaliwa. Nikilala najiuliza, je, kama ni mimi niliyemharibu masikio?"

Swali hilo lina uzito maradufu, kwa sababu kuna mtoto wa pili, wa kiume, mwenye miezi saba. Naye alibebwa humu humu. Mama Meneja ameshaapa: daktari akisema mtoto hasikii na sababu ni kelele, anarudisha aproni leo leo. Kazi hii aliianza akiwa msichana, anaipenda, na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Hajui kazi nyingine.

"Nitauza hata maandazi," anasema. "Na maandazi yangu mume wangu anayajua. Ni magumu kama nati."

*

Mume huyo tunamkuta kwenye benchi la hospitali, Meneja akiwa amesimama mapajani pake na kuvuta sikio lake kama anayelikagua. Ni fundi wa mashine hizo hizo za kufuma, zamu ya usiku. Jina lake la kazini ni Spana, na limetokana na ishara: mfumaji akitaka fundi, hukunja ngumi na kuizungusha kama anayefungua nati.

Miaka kadhaa iliyopita, mashine za msichana mmoja mwenye kitambaa cha manjano zilianza kuharibika kupita kiasi.

"Kila zamu ananiita," anasema Spana, mtu mrefu ambaye maneno yake hupimwa kwa kijiko cha chai. "Nafika, nakuta mashine nzima. Nikajua hapa mgonjwa si mashine."

"Muongo huyo!" mkewe anadakia, na benchi zima linageuka. "Ile ya kwanza ilikuwa mbovu kweli. Hizo nyingine ndizo sitaki kuzizungumzia."

Uchumba wao ulifanyika katikati ya kelele, bila kutoa sauti. Spana anasema alimtolea posa kwa mikono, mbele ya safu nzima ya wafumaji, na akajibiwa kwa mikono. Kwa kuwa watu wote waliielewa lugha hiyo, ukumbi mzima ulisimamisha mashine kushangilia. Msimamizi wa zamu alidhani umeme umekatika.

Leo maisha yao yanakwenda kwa kupokezana. Mama anaingia kazini alfajiri, baba anatoka. Hukabidhiana watoto getini: mdogo anahama mgongo, mkubwa anahama mkono, na mlinzi anasema makabidhiano ya haraka namna hiyo hajayaona hata jeshini. Mchana mama akirudi, baba ndipo anapata kulala.

"Nyumba ya watu wa zamu, saa yoyote ile kuna mtu amelala," anaeleza Mama Meneja. "Baba akiamka, mtoto mdogo analala. Mdogo akiamka, mimi nimeshachoka. Chumba ni hicho kimoja na pazia katikati. Utapaza sauti wapi?"

Basi wakatumia walichonacho. Njoo ule, ni ishara. Vaa viatu, ni ishara. Acha hiyo, itakuchoma, ni ishara kubwa zaidi. Kumwita mtu, kama kule kiwandani, ni kumpungia mkono mpaka akuone. Hata habari za kazini, za mashine na za mabosi, walisimuliana kwa mikono.

"Tulikuwa tunajisifu," anasema Spana. "Mtoto ana mwaka mmoja na kidogo, unamwonyesha kwa mkono niletee taulo, analeta. Nikasema huyu ana akili ya fundi."

Ni mama yake Spana, aliyekuja kumwona mjukuu mpya, aliyelitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Siku ya pili tu baada ya kufika aliwaweka kitako.

"Mkwe wangu, mtoto huyu mbona haongei? Na mbona simuoni akigeuka?"

"Mama, ataongea tu. Watoto hawalingani."

"Sawa, hawalingani. Lakini mficha uchi hazai. Mpelekeni hospitali."

Ndiyo maana leo wako hapa, mdogo ameachwa na bibi. Meneja amevalishwa gauni jipya na viatu vya kumeta, kana kwamba anakwenda kupigwa picha. Mama yake anamfunga kamba ya kiatu, anaifungua, anaifunga tena.

*

Chumba cha kupimia ni kidogo, kuta zake zimefunikwa kwa sponji, na kina dirisha la kioo kinene kisichopitisha hata kikohozi. Daktari wa masikio, mwanamke mchangamfu mwenye miwani iliyoning'inizwa shingoni, anaeleza mchezo. Meneja atavaa hedifoni. Kila akisikia mlio, atatupa kipande cha mbao ndani ya ndoo.

"Baba utampakata, lakini usiseme, usimguse, usimsaidie kwa lolote," daktari anasema. "Mama utakaa huku nje na mimi."

Mwandishi anapewa kistuli pembeni na kuombwa asipumue kwa nguvu.

Daktari anabonyeza kitufe cha kwanza. Meneja amekishika kipande cha mbao chekundu. Anakitazama. Hatupi.

Anabonyeza tena, mlio mkubwa zaidi. Meneja anakiweka kipande chini, vizuri kabisa, mbali na ndoo.

Mara ya tatu, hakuna kitu. Mara ya nne, hakuna kitu. Daktari habadilishi uso, lakini mama aliyesimama kando yake ameshashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Midomo yake inacheza. Baadaye alisema alikuwa hasali. Alikuwa anafikiria atamwambiaje msimamizi wake kwamba anaacha kazi.

Ndipo alipouona mkono.

Mkono wa kulia wa Meneja ulikuwa umelala juu ya goti lake, na kidole cha shahada kilikuwa kinazunguka. Kinazunguka taratibu, duara dogo, kama mtu anayekoroga kikombe kisichoonekana. Daktari aliachia kitufe. Kidole kikasimama, mkono ukawa ngumi.

Daktari alibonyeza. Kidole kikazunguka. Akaachia. Ngumi.

Kwa mtu mwingine yeyote huo ni utundu wa mtoto aliyechoka kukaa. Kwa mfumaji, maana yake ni moja tu. Kidole kikizunguka, mashine inakwenda. Ngumi ikifumba, mashine imesimama.

Ndani ya kile chumba, Spana naye alikuwa ameona. Alikatazwa kusema, na ni mtu wa kushika maagizo. Hivyo hakusema. Aliinua tu mkono wake mrefu juu ya kichwa cha binti yake na, kupitia kioo kile kisichopitisha sauti, akamwambia mkewe: mashine inakwenda. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Anasikia!" Mama Meneja alipiga kelele. "Daktari, anasikia! Anakwambia mashine inakwenda!"

Sauti hiyo, iliyonolewa kwa miaka mingi ya kushindana na vyuma, ilivuka korido mbili. Mtu mmoja aliyekuwa akingoja kung'olewa jino aliinuka na kuondoka.

Daktari hakuielewa lugha, lakini furaha ya mzazi alishaiona mara nyingi, na alijua pia kwamba furaha si kipimo. Akamwashiria Spana ashushe mikono. Akamgeuza Mama Meneja ili asikione kitufe.

"Tazama mkono wa mtoto tu. Usinitazame mimi. Niambie anasema nini."

"Inakwenda," alisema Mama Meneja. "Inakwenda... imesimama. Bado imesimama. Bado. Inakwenda! Imesimama."

Daktari alipunguza mlio. Akapunguza tena. Akahamia sikio la pili, akaanza upya, akaweka vituo virefu vya kimya katikati ili kumtega. Kidole cha Meneja hakikutegeka. Mlio ulipokuwa mdogo kiasi kwamba daktari mwenyewe alisema watu wazima wengi wasingeusikia, kidole kiliendelea kuzunguka, taratibu, bila wasiwasi.

Halafu ghafla Meneja akagusa shingo yake, kama anayenyoosha tai.

"Hapo anasema nini?" daktari akauliza.

Mama Meneja aligeuka. Mlangoni alikuwa amesimama bwana mmoja wa utawala wa hospitali, amevaa tai, amekuja kuuliza nani anapiga kelele.

"Hapo anasema bosi anakuja," alijibu, na daktari akacheka mpaka miwani ikamponyoka.

*

Masikio yote mawili ni mazima. Mama Meneja alitaka aambiwe mara mbili. Mara ya tatu daktari aliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, akazipigia mstari chini.

"Na zile kelele za kiwandani? Wakati wa mimba?" aliuliza, na sauti yake ikawa ndogo tena.

"Mama, masikio ya mtoto wako nimeyapima, ni mazima. Huo mzigo uteremshe, si wako," alisema daktari. "Nyumbani mnaongeaje naye?"

Mke na mume walitazamana. Spana alimjibu mkewe kwa mikono, mkewe naye akamjibu Spana kwa mikono, na ilichukua muda mfupi kabla ya wote wawili kuona walichokuwa wanafanya. Mama Meneja akajifunika uso kwa kitambaa chake cha manjano.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," daktari alisema huku akicheka. "Mmelea mfumaji. Msimlaumu, wala msijilaumu. Huyu ana maneno tele, ila yako vidoleni. Makofi na vishindo kwake si habari, na haitikii sauti kwa kuwa kwenu kuitwa ni mkono. Hata angekuwa hasikii, mikono hii ingemfaa sana, na wala msimwachishe. Ila sasa mpeni na ya mdomoni. Ongeeni. Imbeni. Semeni chochote. Halafu mmrudishe nimwone."

Kabla hawajatoka alimpima na mama mtu. Hayo ndiyo masikio yaliyokuwa na kasoro, kidogo, na tangu siku hiyo Mama Meneja haingii ukumbini bila vizibo vya masikio. Anawasimamia na wenzake wavae, na hana huruma.

Jioni hiyo nyumba ya watu wa zamu ilipitisha sheria mpya: anayetumia mkono, atumie na mdomo. Aliyeumia zaidi ni Spana, mtu ambaye kwa hesabu ya mama yake alikuwa anasema sentensi moja kwa chakula na moja kwa kulala.

"Sasa baba anavaa soksi," alikuwa anasema asubuhi, amekaa sakafuni mbele ya Meneja, uso mzito kama anayesoma hotuba. "Soksi ina tundu. Baba anamenya kiazi. Baba amejikata. Baba halii."

"Kumbe ulimi ulikuwepo, ulikuwa stoo," bibi akasema. "Miaka yote hii nimekulea nikidhani Mungu alikunyima."

Waliimba hata wimbo wa kuosha vyombo, waliotunga wenyewe, usio na mwanzo wala mwisho. Mtoto mdogo alijifunza kulala katikati ya kelele hizo. Spana naye alijifunza, baada ya siku chache za kunung'unika chini ya mto. Meneja aliwasikiliza wote kwa makini sana, macho yakihama kutoka mdomo hadi mdomo. Wakimaliza, alijibu kwa mikono.

Wiki zikapita hivyo. Furaha ya hospitali ilianza kuchanganyika na wasiwasi mwingine. Kusikia anasikia, je, atasema?

"Niliogopa kuliko mwanzo," anakiri Mama Meneja. "Mwanzo nilikuwa na sababu ya kushika. Sasa sina hata sababu. Nikisikia mtoto wa jirani anamwita mama yake, moyo unaniuma. Na ninajionea aibu, maana wangu mzima."

Kisha, asubuhi moja, simu ya mwandishi iliita, na haikuwa lazima kuiweka sikioni. "Njoo!" ilisema. "Njoo kiwandani! Njoo sasa hivi!"

*

Mapumziko ya chai yalikuwa yameanza alipofika. Uani wafumaji walikuwa wamemzunguka Mama Meneja, wengine wakimpongeza kwa mikono, wengine kwa midomo, na wachache kwa vyote viwili, wakimwaga chai. Kila mtu alitaka kusimulia, hata ambao hawakuwepo.

Mambo yanakwenda mbio kwake siku hizi. Kiwanda kimemwomba afundishe wafumaji wapya, kazi ya mchana tupu, na amekubali. Anaanza mwezi ujao. Spana ameomba naye ahamishiwe zamu ya mchana. Wakifanikiwa, itakuwa mara ya kwanza tangu waoane kwa nyumba nzima kulala kwa wakati mmoja na kuamka kwa wakati mmoja. Meneja ataanza chekechea mwakani.

"Na wanafunzi wangu nitawafundisha ishara zote," anasema. "Ila nitawaambia, mkifika nyumbani, jamani, fungueni midomo."

Lakini hayo aliyasema juu juu. Alichotaka kusimulia ni cha asubuhi ile.

Makabidhiano yalikwenda kama kawaida. Mtoto mdogo alihamia mgongoni kwa baba, Meneja akahamia mkononi. Mama akawabusu, akageuka, akaanza kutembea kuingia ndani. Alikuwa amechelewa kidogo.

Kilichofuata anakijua Spana, ambaye naye amebaki kiwandani asimulie, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anatazama. Meneja aliinua mkono na kumpungia mama yake: rudi. Mama hakurudi. Meneja akapunga tena, kwa nguvu zaidi, mkono mzima kutoka begani, akiwa amesimama kwa ncha za vidole. Mama aliendelea kwenda, mgongo kwao.

"Nikaona anautazama mkono wake," anasema Spana, ambaye siku hiyo alisema maneno mengi kuliko mwandishi alivyoweza kuandika. "Anautazama, kama spana iliyokataa kushika nati. Akamtazama mama yake. Akavuta pumzi, hivi, mpaka mabega yakapanda."

Kisha akaita. Neno moja, kali, la kuamrisha, kama linavyomstahili mwenye cheo chake.

"Mama!"

Mlinzi aliacha kufungua geti. Watu waliokuwa wanaingia zamu walisimama. Spana anasema alimkaza mtoto mdogo mgongoni.

Wote walimtazama Mama Meneja, aliyekuwa amesimama katikati ya njia, kitambaa cha manjano hakitikisiki, hageuki. Mlinzi alidhani hakusikia, akataka kumpigia filimbi.

"Nilisikia," anasema Mama Meneja, na sasa, katikati ya ua uliojaa watu, ananong'ona kweli kweli. "Nilisikia vizuri sana. Sikugeuka makusudi."

Kwa nini?

"Nilitaka aniite tena."